Nani Hulipia Vigae?

Nilipokuwa darasa la tano, huko Kyela, mwalimu wa kazi za mikono alitutangazia kwamba Ijumaa inayofuata kila mmoja wetu alete chungu. Alisema “alete”. Mimi, kwa ujinga wa umri ule, nilisikia “afinyange”. Siku nne nilihangaika na udongo wa kando ya mto. Nilichambua vijiwe, nikaukanda, nikauinua ukaanguka, nikauinua tena. Chungu kiliposimama kilikuwa kimeegemea upande kama mlevi anayesikiliza redio ya jirani. Nikakianika kivulini, kisha nikakichoma nyuma ya nyumba kwa majani makavu na pumba za mpunga. Usiku kikalia “ta!” humo motoni. Nilipokiopoa asubuhi kilikuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi tumboni.

Nilikipeleka hivyo hivyo. Mwalimu alikigeuza, akakimiminia maji, maji yakamlowesha viatu. Sifuri. Wenzangu walikuwa wamepanga vyungu vyao ukutani, vizima, vyeupe, vyenye michoro myekundu, na kila aliyekuwa na macho aliona kwamba vilitoka kwa muuzaji mmoja wa sokoni. Wakapata nane, tisa, hata kumi. Wiki iliyofuata mama alinitia hela mkononi akaniambia, “Nenda na wewe ukanunue, yaishe.” Nikanunua. Nikapata tisa. Chungu changu chenye ufa mama hakukitupa. Alikigonga kikagawanyika, na nusu ya chini akawawekea kuku maji.

Nilijifunza mambo mawili siku zile. La kwanza, udongo una hila zake. La pili, shule haikuwa na alama ya kumpa aliyejaribu akapasua. Alama zote zilikuwa za chungu kizima, hata kama kimefinyangwa na mtu mwingine. La kwanza nililisahau upesi, maana sikushika tena udongo. La pili limenifuata hadi ukubwani, na hunirudia kila ninaposoma habari za msanii aliyefika mbali na kujiuliza alipitia wapi.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kusikitika: fundi cherehani huvaa viraka, fundi mwashi hulala nyumba ya kupanga, na anayewatengenezea watu wote vyungu hana chake cha kulia. Sina ugomvi na maana hiyo. Lakini lipo swali ambalo watumiaji wa methali hulipita mbio: hilo gae lilitoka wapi? Lilitoka kwenye chungu kilichovunjika. Nyumba ya mfinyanzi ina magae mengi kuliko ya jirani kwa sababu yeye ndiye hujaribu zaidi, na anayejaribu zaidi ndiye hupasua zaidi. Asiyefinyanga hana gae la kulia, na hana pia mkono uliojifunza kitu.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba ukuaji wa msanii uhesabiwe kwa vigae alivyoacha nyuma kabla ya kuhesabiwa kwa medali. Na kila kigae ni hasara ambayo lazima mtu fulani ameilipa. Tukitaka kujua kwa nini watu wengine hukua katika sanaa na wengine, wenye mikono ile ile, hubaki pale pale, tuulize bili ya vigae ilipelekwa kwa nani.

Chukua mfano wa Magdalene Anyango Namakhiya Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na elimu yake ya awali aliipata India na Kenya, Mombasa ikiwa mojawapo ya miji iliyomlea. Leo mitungi yake imo British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa University for the Creative Arts nchini Uingereza, mwaka 2020 akatunukiwa heshima ya Dame, na mwaka 2022 kazi zake zilisimama katika onyesho kuu la Venice Biennale. Ukiisoma orodha hiyo kwa haraka utadhani alizaliwa na donge la udongo kiganjani. La. Alianza na karatasi.

Alisomea michoro na sanaa ya biashara Kabete, pembezoni mwa Nairobi, akafanya kazi ya matangazo. Kwa kijana wa mji ule, miaka michache tu baada ya Uhuru, hiyo ilikuwa riziki ya heshima. Mwaka 1971, akiwa na miaka 21, alikwenda Cambridge kuendeleza fani hiyo hiyo. Huko ndiko alikokutana na udongo, na karatasi ikaanza kushindwa. Mwaka 1973 akaingia chuo cha sanaa cha Farnham, kusini mwa Uingereza, kusomea ufinyanzi.

Hapa ndipo hadithi inapopinda kwa namna inayonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mkenya amevuka bahari kwenda Uingereza kujifunza ufinyanzi, naye Mwingereza anamwambia: nenda Afrika. Mwingereza huyo ni Michael Cardew, mfinyanzi aliyekuwa ameanzisha kituo cha mafunzo Abuja, Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Abuja hiyo si jiji kuu la leo. Ni mji wa zamani ambao sasa unaitwa Suleja. Kwa ushauri wake Odundo alifunga safari mwaka 1974.

Kituo kile kilikuwa na gurudumu la kufinyangia na joko la moto mkali, vitu vya Kizungu. Kilichomshika Odundo kilikuwa mikono ya akina mama wa Kigwari. Hao gurudumu lao ni miguu yao. Donge la udongo hukaa pale pale. Mama ndiye hulizunguka, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua, mkono mmoja ndani ya chungu na mwingine nje, mpaka ukuta unapanda na tumbo linatuna sawa pande zote. Aliyevuma zaidi kati yao ni Ladi Kwali. Alifundishwa na shangazi yake kijijini Kwali, na mitungi yake ilikuwa tayari ikipamba nyumba ya Emir wa Abuja kabla Cardew hajaiona. Aliingia kituoni mwaka 1954, akazunguka Ulaya na Marekani kuonyesha kazi, na leo ukigeuza noti ya naira 20 utamkuta yupo nyuma yake, ameinamia mtungi. Sijui ni nchi ngapi duniani zimempa mfinyanzi nafasi kwenye pesa yake. Zetu hazimo.

Mwaka 1976 Odundo akaenda New Mexico, Marekani, katika kijiji cha Wapueblo cha San Ildefonso, kumtazama Maria Martinez akifanya kazi. Bibi huyo alikuwa karibu na miaka 90. Habari yake inafaa makala hii kuliko nyingine yoyote. Zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba karibu na kwao walimletea vigae vya kale wakamwomba atengeneze vyungu vya namna ile. Yeye na mumewe Julian walijaribu na kukosea kwa miaka, na humo katika kujaribu wakapata vyungu vyeusi vinavyong'aa ambavyo viliwapa jina duniani kote. Safari yake yote ilianzia kwenye vigae, tena vya watu waliokwisha kufa.

Kisha, kati ya mwaka 1979 na 1982, Odundo alisoma shahada ya uzamili Royal College of Art, London. Piga hesabu. Tangu alipofika Cambridge hadi alipotoka Royal College ni miaka 11. Katikati yake alipata kufundisha Commonwealth Institute, London, lakini miaka ile kwa jumla ilikuwa ya kuzungukia udongo: kutazama, kuiga, kukosea, kuacha. Katika familia zetu nyingi, kijana wa miaka 32 ambaye bado “anajifunza kufinyanga” angeshaitishiwa kikao cha wajomba.

Alitoka na nini baada ya safari yote hiyo? Alitoka na vichache, kwa makusudi. Mtungi wa Odundo haupitii gurudumu. Huanza na donge, ambalo hulivuta juu kwa mikono, akaongezea pindi za udongo, akaparua kuta kwa kipande cha kibuyu, akasugua kwa jiwe laini. Hapaki ile ngozi ya kioo tunayoiona kwenye vikombe vya chai. Hupaka uji mwembamba wa udongo uliochujwa, akasugua tena na tena, na mng'ao wote hutokana na kusugua huko.

Halafu moto. Udongo wake una madini ya chuma. Jokoni mwenye hewa ya kutosha, chuma hicho huwa chekundu kama msumari uliopata kutu, na mtungi hutoka na rangi ya machungwa iliyokolea. Akiurudisha, akaufungia pamoja na vipande vya mbao na kuzuia hewa, moto hukosa oksijeni, moshi hupenya kwenye udongo, na mtungi hutoka mweusi. Kati ya wekundu na weusi hutokea mawingu na mawaa ambayo hakuna fundi awezaye kuyaagiza. Huyakubali au huurudisha mtungi motoni. Na kila kurudisha motoni ni kamari, kwa sababu udongo hauna huruma na mtu aliyeusugua kwa wiki kadhaa.

Huo ndio uwanja wake kwa zaidi ya miaka 40: mtungi, wekundu, weusi. Hutengeneza michache sana kwa mwaka. Wapo watakaosema amekwama, maana tumezoea kumsifu msanii kwa kusema “huyu anafanya kila kitu”. Lakini ukiwa na umbo moja tu, badiliko la unene wa kidole huonekana. Kiswahili chetu kilishalijua jambo hili jikoni: chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo. Tunayatamka maneno hayo kila siku bila kuyasikia. Odundo ameyafanyia kazi maisha yake yote. Kuna mtungi wake unaoinamisha shingo kama mtu anayesikiliza siri. Kuna mwingine tumbo limetuna upande kama la mjamzito anayejinyoosha. Vijinundu vimepanda mgongoni kama pingili za uti. Mwaka 2019, katika onyesho lililoitwa “The Journey of Things” huko Wakefield, Uingereza, mitungi yake zaidi ya 50 iliwekwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka zama na mataifa mengi, na mtazamaji aliweza kuona umbo la mtungi mmoja limechukua nini kwa nani.

Tena si mtu wa kujifungia. Mwaka 2014, akiwa amevuka miaka 60, alionyesha kazi ya vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa hewani. Kioo si udongo. Kioo ni kuwa mwanafunzi upya mbele ya mafundi wa kioo, tena ukiwa na jina kubwa la kuaibika nalo. Mtu hufanya hivyo kama maisha yamemzoeza kwamba kupasua si mwisho wa dunia.

Sasa turudi nyumbani, Ziwa Nyasa. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Wakisi hukaa mwambao ule chini ya Milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima umeingia karibu na maji na ardhi ya kulima ni finyu. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga, na mitumbwi huja sokoni imejaa vyungu vilivyopangwa kwa uangalifu kama mayai. Vile vyungu vyeupe vya wenzangu wa darasa la tano vilitoka huku. Nilikwenda miaka michache iliyopita, mtu mzima mwenye mvi, nikasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa ametandika vyungu vyake mchangani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu chungu.”

Nilinunua viwili, kisha nikamwomba aniruhusu nije kumwona akifinyanga. Akanitazama kama anayepima akili zangu, akasema nije Ikombe keshokutwa. Nilikwenda kwa mtumbwi. Alikuwa amekaa kivulini, miguu kaiweka pande mbili za kazi yake, na mikono yake haikuwa na haraka wala haikusimama. Kabla kivuli hakijahama alikuwa amesimamisha vyungu vitatu, vimefanana kama mapacha watatu. Nimewahi kuona picha za video za mafundi wakubwa wa udongo. Mikono ya mama yule haikuwa na cha kuomba kwao.

Nikamuuliza, “Mama, umewahi kufinyanga umbo jingine, ambalo hukufundishwa?”

“La nini?”

“Kwa kujaribu tu.”

Alicheka, akamtazama mjukuu wake kama vile nimesema jambo la kitoto. “Kikipasuka atanilipa nani? Wewe?”

Sikuwa na jibu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko nadharia zangu zote. Udongo huchimbwa na kubebwa kichwani. Chungu hukaushwa kwa siku, na mvua ikinyesha ni siku zaidi. Kuni hutafutwa mlimani. Moto wa wazi, wa majani na kuni, hauna kipimajoto. Upepo ukigeuka, chungu kinalia. Sufuria na ndoo za plastiki zimeshawachukua wateja wengi waliokuwa wa mama yake. Aliyebaki anataka chungu anachokijua, kwa bei anayoijua, cha kupikia maharage Jumapili. Chungu kimoja kikipasuka, imepasuka chumvi, sabuni na daftari la mjukuu. Katika hali hiyo kurudia umbo lile lile ni busara, na mtu anayemwita mama huyo “mshika mila asiye na ubunifu” ajaribu kwanza kuishi kwa vyungu mwezi mmoja.

Basi tofauti kati ya mama wa Ikombe na Dame Magdalene haiko mikononi. Iko kwenye daftari la hasara. Cambridge, Farnham, Abuja, London: kote huko Odundo alikuta joko la taasisi, udongo wa taasisi, na mtu mzima anayelipwa mshahara ili asikasirike mwanafunzi akipasua. Baadaye yeye mwenyewe akawa mtu huyo. Alianza kufundisha chuoni Surrey mwaka 1997 na kuwa profesa mwaka 2001. Kipaji ni chake, jasho ni lake, na hakuna taasisi iliyomsugulia mtungi. Lakini vigae vyake vilikuwa na pa kuangukia.

Najua jibu nitakalopewa. Wasanii wetu wakubwa wamefinyangwa na shida, bwana. Ukiwalainishia mambo watalala. Watanitajia Edward Saidi Tingatinga, aliyechora wanyama na ndege kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, akiuza kazi zake karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Alianza mwaka 1968. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne. Tulichopata ni mtindo ulioenea dunia nzima na kuwapa riziki watu wengi. Tulichokosa ni Tingatinga wa miaka 50, Tingatinga aliyechoka na chui wake akatafuta kitu kingine. Na waliorithi mtindo wake walirithi pia soko lake. Mtalii anataka twiga na machweo. Kijana akichora ndoto aliyoiota jana, picha inabaki ukutani na kodi ya chumba inafika. Kesho atachora twiga. Naye, kama mama wa Ikombe, anajua kuhesabu.

Watanitajia pia George Lilanga, na hapo ndipo nitakapowashika mkono. Kwa mbali habari yake ni tamu kwa wapenda shida: Mmakonde wa kusini, aliyezaliwa mwaka 1934, akaja Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi, akawa msanii wa kimataifa. Sasa msogelee. Alipoanza kuchonga alianza na muhogo, akaenda kwenye miti laini, na mpingo ukaja mwisho. Ngazi hiyo ina hekima ya uchumi ndani yake. Muhogo ukiuharibu, shamba lina mwingine. Mpingo ukiuharibu, umeharibu mti ulioota miaka mingi kabla hujazaliwa. Jamii iliyobuni utaratibu huo ilijua kwamba kijana lazima akosee, ikamtafutia kitu cha bei nafuu cha kukosea.

Kisha ukaja mlango wa pili. Mahali alipolinda palikuwa Nyumba ya Sanaa, karakana iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll. Humo mlikuwa na vitambaa vya batiki, ngozi za mbuzi, mabamba ya chuma ya kuchora na kuchapia, na rangi. Lilanga akajaribu kimoja baada ya kingine. Mashetani wa Kimakonde waliokuwa wamebanwa ndani ya weusi wa mpingo wakatoka, wakavaa rangi, wakaota masikio mapana na matumbo ya kuchekesha, wakaanza kunywa pombe, kugombana na kwenda hospitali kama majirani wa Temeke. Alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimezunguka mabara. Shida ilimfikisha Lilanga getini. Kilichomkuza kilikuwa upande wa ndani wa geti.

Sisemi kwamba serikali imlipe mshahara kila anayejiita msanii. Tungekuwa taifa la wasanii kufikia Jumatatu. Nataka mambo madogo yanayowezekana.

La kwanza ni shuleni. Mwalimu agawe alama za kazi za mikono: nusu ziwe za chungu, nusu ziwe za maelezo ya mwanafunzi kuhusu kilichoharibika na anachodhani ndiyo sababu. Mtoto aliyeleta chungu cha kununua hatakuwa na la kusema. Mtoto mwenye ufa atazungumza hadi kengele. Udongo ni bure, na karibu kila shule imejengwa juu yake, ilhali tunafundisha sanaa kwa penseli za kununua.

La pili ni joko la pamoja. Wilaya zenye wafinyanzi tunazijua. Ushirika wa wavuvi hupewa jokofu, wakulima hupewa ghala; joko moja lililojengwa vizuri, lenye moto unaodhibitiwa, si jambo la mzaha kuliko hayo, na lingepunguza vyungu vinavyopotea kwa upepo. Mtu ambaye hapotezi vyungu kwa upepo anaweza kuthubutu kupoteza kimoja kwa kujaribu.

La tatu ni letu sisi wanunuzi, wenye hoteli, maofisi na kumbi za mikutano. Tumezoea kuagiza kwa kusema “nifanyie kama kile”. Tujaribu mara moja kusema, “Nifanyie kitu ambacho hujawahi kukifanya, na kikipasuka nitakulipa nusu.” Hiyo nusu ndiyo shule nzima ya sanaa. Ndiyo Farnham ya mtu asiyeweza kwenda Farnham.

Wafinyanzi wenyewe hawajawahi kuvidharau vigae kama sisi tunavyovidharau. Wapo wanaovitwanga, wakachanganya unga wake na udongo mbichi, kwa sababu udongo uliowahi kupita motoni huusaidia ule mpya usipasuke. Chungu kizima ulichonacho jikoni huenda kimebeba tumboni mwake vyungu kadhaa vilivyoshindikana.

Siku ile Ikombe, kabla sijapanda mtumbwi, niliinama nikatazama kilichokuwa chini ya kazi ya mama yule. Alikuwa anajenga chungu kipya juu ya gae, akilizungusha polepole kwa vidole. Lilikuwa gae nene, pana kupita chungu chochote nilichokiona sokoni, na ukingoni mwake palikuwa na mchoro usiokuwamo kwenye vyungu vyake vingine: mistari iliyopinda, inayofukuzana kama mawimbi.

“Hili ni la chungu gani, mama?”

Alinyamaza kidogo, akajifuta mkono kwenye kanga.

“Hilo la zamani. Mwaka alioolewa binti yangu wa kwanza. Nilitaka nimfinyangie mtungi ambao hakuna mwenzake anao.”

“Ukapasuka?”

“Ulipasuka, baba.” Akalizungusha tena, na chungu kipya kikazunguka nalo. “Ila miaka yote hii sijapata gae zuri kama hilo.”